Kupimana kwa mistari ya sinema: lugha yenyewe, Kiswahili, au kisa?

MwanaShella (mwenye mada)

Assalaam aleykum wapenzi wa sinema. Kuna jambo nataka mnisaidie kulipima kabla wenzetu wa Lamu hawajashuka kwenye basi mwisho wa mwezi kuja kushindana nasi.

Kwa wasiotujua: tuko watu saba, hukutana kila Ijumaa baada ya sala ya isha kwenye baraza hapa Shella, Malindi. Kahawa, kashata, na mchezo mmoja. Mtu anatoa mstari wa sinema, wengine wanataja sinema, aliyesema na aliyeambiwa. Simu zote zinakaa kikapuni. Huu ni mwaka wa tatu, na alama zimo daftarini tangu siku ya kwanza.

Ijumaa iliyopita tulikaribia kuvunja baraza. Niliuliza, kwenye sinema za Star Wars, yule mwovu Darth Vader alimwambia nini kijana Luke baada ya kumkata mkono. Mwenzangu akajibu bila kusita: "Luke, I am your father." Nikamnyima alama. Katika The Empire Strikes Back ya 1980 Vader hataji jina la Luke kwenye mstari ule. Luke anamwambia amesikia kwamba Vader ndiye aliyemuua babake, na Vader anajibu: "No, I am your father." Ile "No" ndiyo roho ya mstari, kwa sababu anakanusha alichoambiwa. Ukiiondoa ukaweka jina, umebaki na mtu anayejitambulisha tu. Mwenzangu akasema dunia nzima inausema kama alivyousema yeye, na kwa hilo hakukosea. Lakini alama sikumpa, na mpaka leo salamu zetu ni za mbali.

Basi nalinganisha njia tatu za kuulizana. Ya kwanza ni neno kwa neno, kwa lugha ya sinema yenyewe, ukikosea, umekosa. Ya pili, muulizaji anautoa mstari kwa Kiswahili na mjibuji anautambua. Ya tatu ni kisa: muulizaji anasimulia tukio, anakoma kabla ya mstari, mjibuji anaumalizia. Mimi nimeegemea ya kwanza. Semeni yenu.

Kahawa Tungu

Ya kwanza. Mstari wa sinema ni kama mshororo wa shairi, ukitia mizani isiyokuwamo umetunga wako.

Tazama Casablanca ya 1942. Kila mtu atakwambia kuna "Play it again, Sam". Hakuna. Ingrid Bergman, aliye Ilsa, anamwambia mpiga piano "Play it, Sam", kisha anautaja wimbo. Baadaye usiku Humphrey Bogart naye anamtaka aupige, na yeye pia hasemi "again". Hilo "tena" limetiwa na watu miaka baada ya miaka. Nilipolijua nilirudia kuitazama sinema ile usiku kucha, na nikaona Ilsa hakuwa na haja ya "tena". Sam anaujua wimbo, anajua kwa nini anajifanya kausahau, na Ilsa anajua kwamba anajua. Anayesema "tena" hakumtazama Sam usoni.

Nahodha wa Mkomani

Huku Lamu tunawasoma, na tunakuja na watu watano, mjiandae.

Nami nilikuwa na maoni ya Kahawa Tungu mpaka siku niliyouliza ule wa Jaws, ya 1975, kwa Kiswahili. Tukio mnalijua. Brody, mkuu wa polisi anayeiogopa bahari, anamwaga chambo nyuma ya chombo, papa anatoa kichwa, na Brody anarudi kinyumenyume mpaka kwa Quint, mwenye chombo, amwambie: "You're gonna need a bigger boat." Roy Scheider aliutia mstari huo mwenyewe wakati wa kupiga picha, haukuwa kwenye maandishi. Sasa watu wengi wanaukumbuka kwa "we're". Ukiwasahihisha wanakwambia si kitu, ni neno dogo.

Kwa Kiswahili haliwi dogo. Niliwauliza vijana wa hapa: yuko mtu chomboni anamwambia nahodha "utahitaji chombo kikubwa zaidi", na mwingine anasema "tutahitaji". Ni yupi ambaye roho yake ishashuka pwani? Wakacheka, wakafahamu pale pale. Brody hajihesabu tena katika safari ile. Papa ni wa Quint, chombo cha Quint, shida ya Quint. Herufi moja ya mwanzo imebeba hofu yote.

Lakini pia nikubali kwamba hakuna baharia wa Lamu atakayesema "utahitaji chombo kikubwa zaidi". Hiyo ni sentensi ya darasani. Atasema, "Nahodha, chombo hichi hakikufai." Na uzuri ni kwamba ile "-ku-" bado imo. Akisema "hakitufai" amekuwa mtu mwingine.

Mama Kashata

Nahodha, hapo umenikosha. Na ule wa Captain Phillips wa 2013, wewe unauulizaje?

Nahodha wa Mkomani

Mama Kashata, huo ni mwepesi kuutambua na mzito kuutafsiri. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, akiwa kiongozi wa maharamia, anaingia chumba cha usukani anamwambia Tom Hanks, aliye nahodha wa meli: "Look at me. I'm the captain now." Naye ameeleza kwamba maneno hayo aliyatoa pale pale, hayakuandikwa. Mwongozaji Paul Greengrass alikuwa amewatenga Abdi na wenzake wasionane na Hanks kabla ya siku ya kupiga tukio hilo, ndiyo maana ule mshtuko usoni mwa Hanks una ukweli.

Huku kwetu sinema hiyo haitazamwi kama hadithi ya mbali. Ile meli, Maersk Alabama, ilikuwa inakuja Mombasa ilipotekwa Aprili 2009. Kila aliyekuwa baharini miaka ile anakumbuka.

Nilijaribu "Mimi ni nahodha sasa". Haukusimama. Mtu mwenye umri wa babangu akanisahihisha: "Nitazame. Nahodha sasa ni mimi." Hapo ndipo unaposikia mtu amenyang'anywa kitu. Unahodha kwetu ni heshima ya mtu na roho za watu walio nyuma yake, na neno "captain" halinipi mimi uzito huo hata nikilisikia mara mia.

Binti Ngomeni

Mimi ninalo swali kwa wanaoshika njia ya kwanza. Neno kwa neno la nani?

Nimekulia Ngomeni, mahali pa kurushia setilaiti panaonekana baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo kwetu nyumbani mambo ya anga yalizungumzwa jikoni, na Apollo 13 ya 1995 tuliitazama mpaka kanda ikakwaruzika.

Mstari wake kila mtu anaujua: "Houston, we have a problem." Tom Hanks kausema hivyo sinemani. Lakini walipokuwa angani kwelikweli, Aprili 1970, mwanaanga Jack Swigert alitangulia kusema "we've had a problem", walio chini huko Houston wakaomba arudie, na mwenzake Jim Lovell akarudia kwa "we've had" vilevile. Sinema ndiyo iliyobadilisha. Mwaka jana niliulizwa mstari huu, nikajibu kwa maneno ya Lovell mwenyewe, nikanyimwa alama. Nilijua zaidi ya nilichoulizwa nikahesabiwa nimekosa.

Hebu sasa ujaribuni kwa Kiswahili. "Tuna tatizo" na "tumepatwa na tatizo". La kwanza unaweza kulisema mkutanoni, juu ya ada ya shule. La pili linasema jambo limeshatufikia, tena bado liko juu yetu. Ile "-me-" ndiyo hali halisi ya watu watatu walio ndani ya chombo kilichopasuka tangi la oksijeni. Mimi ningeuliza hivyo, na mjibuji aniambie pia ni lipi la angani na lipi la sinemani.

MwanaShella

Binti Ngomeni, aliyekunyima alama alikosea, maana muulizaji ndiye aliyepaswa kusema anauliza sinema. Nimeandika.

Mzee wa Santuri

Wanangu, mmezunguka Marekani yote na hamjafika nyumbani.

Mwaka huohuo wa Jaws, 1975, Salim Khan na Javed Akhtar waliandika sinema mbili, Deewaar na Sholay. Sisi tuliokulia pwani hii mistari tuliipata humo. Maneno ya Sholay yalitolewa kwenye santuri, si nyimbo peke yake, maneno yenyewe, na watu walinunua. Mimi nilikuwa nayo. Tuliketi watoto kumi na zaidi tukimsikiliza Gabbar Singh, yule jambazi, akiuliza "Kitne aadmi the?" na hakuna aliyekuwa amesoma Kihindi hata siku moja. Tulijua pale anapovuta pumzi, tulijua mlio wa viatu vyake juu ya mawe.

Kwa hiyo nasema njia ya pili inaua kitu. Ukiniuliza "Walikuwa watu wangapi?", sawa, nitatambua, lakini umeniuliza swali ambalo karani wa arusi anauliza akihesabu sahani. Amjad Khan, aliyekuwa Gabbar, aliuliza na watu wake watatu mbele yake wakajua wamekufa. Wao wawili, nyinyi watatu, na mmerudi mikono mitupu. Tishio lote limo kwenye sauti na kwenye ule utulivu.

Ila kuna mmoja ambao Kiswahili kilinifunza nisichokijua, na lazima niseme haki. Kwenye Deewaar ndugu wawili wanakutana chini ya daraja walilolala utotoni. Vijay, yaani Amitabh Bachchan, amekuwa tajiri wa magendo. Anamhesabia mdogo wake: majumba, mali, akiba benki, gari. Wewe una nini? Na Shashi Kapoor, askari polisi, anamjibu: "Mere paas maa hai."

Miaka mingi nilikuwa nikiwatafsiria wanangu, "Mimi nina mama." Siku moja mjukuu wangu, msichana wa miaka 11, akaniuliza: "Babu, si ni mama mmoja? Hata yule mkubwa si anaye?" Nikanyamaza. Alikuwa na haki. Ukisema nina mama, kakako atakujibu nami ninaye. Kihindi kinasema mama yuko karibu yangu, kwangu. Mama amehama nyumba ya tajiri akaenda kukaa na yule wa mshahara. Kwa hiyo Kiswahili chake ni "Mama yuko kwangu." Niliusema hivyo kwa mara ya kwanza usiku ule na macho yakanijaa, baada ya kuitazama sinema ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mtunzi wa muziki A. R. Rahman aliusema mstari huo huko Los Angeles 2009 alipopewa tuzo ya Oscar. Alisema kwa Kihindi kwanza. Aliyeijua sinema alielewa mara moja kwamba mama yake yuko pale ukumbini.

Binti Barani

Shikamoo Mzee. Hapo kwa mama yuko kwangu nimesimama nikatoka nje kidogo.

Nataka kukuongezea mmoja wa Kihindi unaoingia Kiswahili kama mkono kwenye kanzu. Dilwale Dulhania Le Jayenge, 1995, Shah Rukh Khan: "Bade bade deshon mein aisi chhoti chhoti baatein hoti rehti hain." Rais Obama aliujaribu alipokuwa Delhi 2015, akausema nusu, ukumbi ukapiga makofi. Kwa Kiingereza ni nchi kubwa na mambo madogo, basi, umekauka. Kwa Kiswahili: "Katika nchi kubwa kubwa, mambo madogo madogo kama haya hutokea." Angalieni: "bade bade" ni kubwa kubwa, "chhoti chhoti" ni madogo madogo, na ile "hoti rehti hain", ya jambo linalokuwa na kuendelea kuwa, sisi tunayo kwa "hu-" moja tu. Sikubadilisha chochote. Nilimuuliza mama yangu, ambaye Kihindi chake ni cha sinema kama chenu nyote, akautambua kabla sijamaliza "kubwa kubwa".

Ya Kitaliano nayo msiisahau, maana sisi ni Malindi. Nimefanya kazi na wageni Waitaliano tangu nimalize shule, na sinema zao nimezijua kupitia kwao. Ule wa La vita è bella wa 1997, "Buongiorno, principessa!", usithubutu kuutafsiri. "Habari ya asubuhi, binti mfalme" ni mtu anayesoma kitabu cha watoto. Roberto Benigni anausema mara ya mwisho kupitia kipaza sauti cha kambi ya Wanazi, yeye na mtoto wake, ili mkewe aliye upande wa wanawake ajue wako hai. Kila kijana wa ufuoni hapa ameshawasalimia wageni kwa maneno hayo mawili, na wengi hawajui yalikotoka. Nilipomweleza mmoja wao tukio la kile kipaza sauti, aliniambia hatayasema tena kwa ajili ya kuuza vikuku.

Kahawa Tungu

Binti Barani, na ule wa Tuco kwenye beseni la kuogea?

Binti Barani

Huo ni kinyume chake! Il buono, il brutto, il cattivo, 1966, Sergio Leone. Tuco yumo kwenye povu, mtu mwenye mkono mmoja anaingia na bastola na kuanza kumhutubia alivyomtafuta. Tuco anampiga risasi kutoka ndani ya maji, kisha kwa Kitaliano: "Quando si spara, si spara, non si parla." Uchezaji wake uko kwenye "spara" na "parla". Nilifikiri hautavuka. Halafu fundi mmoja wa mashua akanipa hii: "Ukija kupiga risasi, piga. Usipige domo." Tunalo "piga" linalofanya kazi mbili, nao wana "spara" na "parla". Sijui tafsiri yoyote iliyowahi kunifurahisha hivyo.

Kahawa Tungu

Nakubali huo. Lakini msinichukue mzima mzima.

Jana usiku niliwakusanya dada zangu watatu, wote wanaijua Casablanca, nikawauliza kwa Kiswahili: "Haya, nakutazama wewe, mtoto." Hakuna aliyejibu. Mmoja akadhani ni tangazo la maziwa. "Here's looking at you, kid" ni maneno ya kugonganisha glasi, na sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo hakuna Kiswahili cha kuyapokea. Nilijaribu njia nne zote zikafa.

Na ule wa The Godfather, 1972, Marlon Brando. "Nitampa ofa asiyoweza kuikataa." Ofa, huku kwetu, ni sukari kilo mbili kwa bei ya moja. Nilitaka kumsikia Don Corleone nikasikia duka la jumla. Nikabadilisha: "Nitamwambia neno ambalo hatathubutu kulikataa." Sasa tishio lipo, lakini mjibuji akauliza, hiyo ni sinema gani ya Kihindi?

Kwa hiyo njia ya pili inategemea mno ufundi wa muulizaji. Akitafsiri vibaya, mjibuji anaadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Mama Kashata

Ndiyo maana mimi ni wa njia ya tatu na nitakufa nayo.

Mwaka 2005 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipanga mistari 100, na wa kwanza kabisa ukawa wa Gone with the Wind ya 1939, Clark Gable akitoka mlangoni: "Frankly, my dear, I don't give a damn." Ukiuliza kwa Kiingereza, nusu ya watu wanaujua kwa sababu ya orodha ile, hawajaiona sinema, tena ni ndefu, karibu saa nne. Ukiutafsiri maneno yake unapata kitu cha kubabaika. Lakini simulia kisa. Mke amemchezea mume miaka yote akimtamani mtu mwingine, leo ndipo anagundua anampenda huyu, na huyu amefunga virago. Anamkimbilia mlangoni: niende wapi? Nifanye nini? Na mume anamwambiaje?

Niliuliza hivyo kwenye arusi, upande wa wanawake, tukisubiri bibi arusi ashuke. Bibi mmoja wa makamo, hajawahi kuiona sinema ile, akasema: "Shauri yako, bibie." Akautoa kwa sauti ileile, bila hasira, ya mtu aliyekwisha kuchoka. Wote tukageuka tukamtazama. Hakuisoma popote, kaupata kwa sababu maisha yana tukio lile, na Kiswahili kina maneno yake tayari.

Nahodha wa Mkomani

Mama Kashata, hiyo ni nzuri mno, ila tunapima nini basi? Yule bibi ana busara, lakini haijui sinema. Akija kushindana nasi atatushinda bila kuona hata picha moja.

Mama Kashata

Na akushinde, Nahodha.

Binti Ngomeni

Kuna jingine kwa vijana wenu. Wengi wamezijua sinema kwenye vibanda vya video, kwa masimulizi ya kina DJ Afro. Ninawapenda wasimulizi wale, wamewafungulia sinema watu waliofungiwa na lugha. Lakini msimulizi anaongeza maneno yake, na kijana atakuja kukuapia kwamba ameyasikia, na kweli ameyasikia. Amueni mapema kama maneno ya msimulizi yanahesabiwa. Mimi ningefungua duru yake peke yake.

Na The Lion King msiilete. Kila mgeni anatuletea "hakuna matata" kana kwamba ndiyo salamu yetu, ilhali kwenye mitaa hii utasikia zaidi "hapana neno". Kama lazima iulizwe, iulizwe ule mwingine, Mufasa mawinguni akimwambia mwanawe akumbuke yeye ni nani. Hapo muulize na sauti ni ya nani.

Kahawa Tungu

James Earl Jones. Aliyekuwa sauti ya Vader pia. Baba wawili, mwanamume mmoja.

MwanaShella

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na leo asubuhi nilifanya jambo.

Nilimpitia yule mwenzangu wa Vader dukani kwake. Sikumpa mkono wa mbali, nilikaa. Nikamwambia: sahau Kiingereza. Luke amening'inia, mkono umekatika, anasema umemuua babangu. Wewe ndiye Vader. Mjibu kwa Kiswahili.

Hakufikiri hata kidogo. Alisema: "La. Mimi ndiye babako."

Nikabaki namtazama. Ile "La" imo. Ile "ndiye" imo, na "ndiye" ndiyo iliyobeba kile ambacho James Earl Jones anakifanya kwa kuikaza sauti juu ya "I". Hakusema "Luke, mimi ni babako", ambayo ndiyo tafsiri ya jibu lake la Ijumaa. Tukio alikuwa analo zima kifuani, aliyoyakosea ni maneno ya Kiingereza aliyoyaokota njiani kama sisi sote. Na tukumbuke kwamba hata aliyevaa lile vazi jeusi, David Prowse, siku ya kupiga picha alipewa maneno mengine kabisa, kwamba Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndiye aliyemuua baba, ili siri isivuje. Mstari wenyewe ulitiwa baadaye kwa sauti. Nilikuwa namhukumu mtu kwa maneno ambayo hayakusemwa hata pale walipoyacheza.

Nimemwandikia alama yake. Si nusu, nzima.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Lamu. Tunauliza kwa Kiswahili, lakini tafsiri inaletwa siku tatu kabla kwa watu wawili, mmoja wa kila upande, na wao waseme kama ni maneno ambayo mtu wa kwetu angeyasema. Ikiwa ni sentensi ya darasani, inarudishwa. Ile isiyovuka, kama ya glasi za Casablanca na salamu ya Benigni, inaulizwa kwa lugha yake. Mjibuji akitaja sinema, msemaji na msemewa, anapata alama moja. Akiutoa mstari wa asili bila kosa, anaongezewa ya pili, na hapo Kahawa Tungu anaruhusiwa kuwa mkali apendavyo. Kisa kinakuja mwisho, duru moja, Mama Kashata ndiye msimulizi. Wasimulizi wa vibandani watakuwa na duru yao.

Mzee wa Santuri, tunaomba uwe mwamuzi.

Mzee wa Santuri

Sitaki kuamua, nataka kujibu. Uamuzi mpeni Nahodha, atawanyima hata watu wake.

Nahodha wa Mkomani

Nimekubali. Kahawa tungu iwe tayari, na halua tutakuja nayo.

Binti Barani

Basi tujaribu moja sasa hivi, tuone kama njia inashika. Mzee, bila kumuuliza mtu:

"Mbona kimya hivi, jamani?"

Mzee wa Santuri

Ah, binti yangu.

Huyo ni Rahim Chacha, imamu wa kijiji, Sholay, A. K. Hangal. Ni kipofu. Mwanawe Ahmed alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mjini, na Gabbar amemrudisha maiti juu ya farasi. Kijiji kizima kimesimama na hakuna anayeweza kumwambia. Mzee anakuja anapapasa na fimbo, anasikia watu wengi na hasikii neno, ndipo anauliza. "Itna sannata kyun hai, bhai?" Haulizi kwa hofu. Anauliza kama mtu aliyeingia barazani akakuta mazungumzo yamekatika. Kisha wanamshika mkono wanampeleka mpaka pale mwanawe alipolazwa.

MwanaShella

Alama mbili. Nimeandika.